UKAWIAJI NA UCHELEWAJI: USANIFU WA KIUNZI KIMOJA CHA SAUTI NA VIDEO KATIKA KOMPYUTA, NA UMUHIMU WAKE KWA UFUNDISHAJI WA KISWAHILI GARISSA

Ikisiri

Ufundishaji wa Kiswahili kwa njia ya masafa katika eneo la Kaskazini Mashariki mwa Kenya umekuwa ukijadiliwa zaidi kama suala la kasi ya intaneti. Makala hii inadai kwamba sehemu muhimu ya tatizo imo ndani ya kompyuta yenyewe, katika namna sauti na video zinavyopokelewa, kuhifadhiwa kwa muda na kupitishwa kutoka programu moja hadi nyingine. Tunaeleza misingi ya usanifu wa kiunzi kimoja kinachoshughulikia sauti na video kwa pamoja, tukitumia mfano wa PipeWire katika mfumo wa Linux. Aidha, tunapendekeza istilahi chache za Kiswahili za uwanja huu na kuonyesha, kwa hesabu, pale ambapo usanifu mzuri unaliokoa darasa la Garissa na pale ambapo hauwezi.

1.0 Utangulizi

Kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zina mazingira ya pekee kwa mtaalamu wa Kiswahili. Wanafunzi wengi hukua wakizungumza Kisomali nyumbani, na Kiswahili wakakikuta shuleni kikiwa lugha ya pili au ya tatu. Katika kaunti ya Garissa wapo pia Wamunyoyaya kando ya Mto Tana, na Waaweer upande wa Ijara. Kwa wanafunzi hawa, mwalimu wa Kiswahili si mtu wa kufafanua sarufi tu. Mara nyingi yeye ndiye kielelezo cha matamshi na mshiriki mkuu wa mazungumzo katika lugha hiyo.

Walimu hao wamekuwa wakipungua. Mnamo Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, walimu wakiwa miongoni mwao. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, chuo ambacho kilifunguliwa tena Januari 2016 na kupewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2017. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Huduma kwa Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti hizo tatu. Miezi michache baadaye, Machi 2020, shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Hivyo basi, swali la kumfundisha mwanafunzi wa Garissa na mwalimu aliye mbali naye lilikuja likiwa na uzito wa maisha ya watu.

Eneo hili lina tajiriba ya elimu ya masafa. Tangu 2013, mradi wa BHER uliwaunganisha wanafunzi wa kambi za wakimbizi za Dadaab na vyuo vikuu vya York na British Columbia nchini Kanada, pamoja na vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi nchini Kenya, kwa masomo ya ana kwa ana yaliyochanganywa na yale ya mtandaoni. Kwa hiyo hatuulizi kama jambo hili linawezekana. Tunauliza linahitaji nini ili somo la lugha, ambalo kiini chake ni mazungumzo, libaki kuwa mazungumzo.

2.0 Mazungumzo na vipimo vya muda

Wanaisimu wamelishughulikia suala la kupokezana zamu katika mazungumzo tangu makala maarufu ya Sacks, Schegloff na Jefferson (1974). Baadaye Stivers na wenzake (2009) walilinganisha lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia na kuona kwamba muda wa kawaida kati ya swali na jibu ni takriban milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Tofauti zipo baina ya lugha na lugha, lakini ni ndogo. Kote wazungumzaji huepuka kuingiliana na huepuka ukimya mrefu.

Ikiwa chombo cha mawasiliano kinaongeza robo sekunde kwenda na robo sekunde kurudi, mwalimu atasikia kimya cha zaidi ya nusu sekunde kabla ya kila jibu. Katika mazungumzo ya kawaida kimya hicho kina maana: mwanafunzi hajaelewa, hajui, au hataki kujibu. Mwalimu atarudia swali wakati ule ule ambapo jibu linafika. Sauti mbili zitagongana, kila mmoja atanyamaza kumpisha mwenzake, kisha wote wataanza tena kwa pamoja. Baada ya dakika kumi za hali hiyo, mwalimu huacha kuuliza na kuanza kuhutubia. Somo la mazungumzo limegeuka kuwa redio.

Kwa sababu hiyo, Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika pendekezo lake linaloitwa G.114, unaeleza kwamba muda wa kwenda upande mmoja usiozidi milisekunde 150 hauleti usumbufu kwa matumizi mengi, na kwamba muda unaozidi milisekunde 400 usikubaliwe katika mipango ya kawaida ya mitandao. Kwa video kuna kipimo kingine: mtazamaji huanza kuhisi kasoro iwapo sauti inatangulia picha kwa takriban milisekunde 45, au ikibaki nyuma yake kwa takriban milisekunde 125. Sababu ya tofauti hiyo si ngumu kuiona. Maumbile yametuzoesha kuona kabla ya kusikia. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, na mwanafunzi aliyeketi mita kumi kutoka ubaoni huisikia sauti ya mwalimu milisekunde 29 baada ya midomo kusogea.

3.0 Suala la istilahi

Kabla ya kuingia katika usanifu, ni sharti tukubaliane juu ya maneno. Kiswahili kina historia ya kutosha katika uwanja wa kompyuta: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na maneno kama programu huria, tovuti na barua pepe yamekwisha kuzoeleka. Hata hivyo, istilahi za sauti na video hazijashughulikiwa vya kutosha. Tunapendekeza zifuatazo, tukizingatia vigezo vya uundaji istilahi vinavyojulikana kwa kifupi kama PEGITOSCA, hususan usahihi, uangavu na kukubalika.

(a) Ukawiaji na uchelewaji. Katika matumizi ya kila siku vitenzi kawia na chelewa hubadilishana. Tunapendekeza vitenganishwe. Ukawiaji uwe muda ambao sauti inachukua kutoka inapoingia katika mfumo hadi inapotoka. Kila mfumo una ukawiaji, na kuwa nao si kosa. Uchelewaji, kwa upande mwingine, uwe tukio la kukosa muda uliopangwa: kazi ilipaswa kukamilika ndani ya milisekunde tano na ikakamilika katika ya sita. Ukawiaji ni kipimo, uchelewaji ni hitilafu. Kama tutakavyoona, mvutano kati ya mambo haya mawili ndio msingi wa usanifu wote.

(b) Birika. Sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta inayoshikilia data kwa muda, kati ya anayeileta na anayeitumia, imeitwa bafa na baadhi ya waandishi. Tunapendekeza birika, kwa maana yake ya tangi au hodhi la maji. Msomaji wa Garissa atalielewa neno hili haraka kuliko wengine, kwa kuwa Wasomali huliita hodhi la kuhifadhia maji berked, neno lenye asili moja ya Kiarabu na birika letu. Inaweza kupingwa kwamba kwa Wakenya wengi birika ni chombo cha chai tu. Pingamizi hiyo ina nguvu kwa mujibu wa kigezo cha kukubalika, lakini muktadha hutofautisha maana hizo kwa urahisi, na uangavu wa neno ni mkubwa: lori la maji huja bila utaratibu, watu huchota kila siku, na birika liko katikati ili wachotaji wasiathiriwe na kuchelewa kwa lori.

(c) Kipaza sauti. Neno hili lina tatizo ambalo halionekani mpaka mtu ajaribu kuchora njia ya sauti. Hutumika kwa kifaa kinachopokea sauti ya msemaji na pia kwa kile kinachoitoa kwa wasikilizaji. Maelezo ya kiufundi yanayosema "unganisha kipaza sauti na kipaza sauti" hayana maana. Tunashauri maikrofoni na spika zitumike katika maandishi ya kitaaluma, ingawa ni maneno ya mkopo.

(d) Kiunzi. Neno hili tumelizoea katika kiunzi cha nadharia. Linafaa pia hapa: ni umbo ambalo programu mbalimbali hujengwa juu yake. Ndani ya kiunzi kuna vifundo (maikrofoni, kamera, programu ya mkutano, spika), kila kifundo kina milango ya kuingizia na kutolea, na milango huunganishwa kwa viungo. Tafsiri ya neno kwa neno inayouita mlango huo bandari inapaswa kuepukwa.

4.0 Historia fupi

Katika mifumo ya awali ya Linux, programu moja ilipofungua kadi ya sauti, mara nyingi nyingine zilizuiwa kuitumia. Mfumo wa ALSA, ulioingizwa rasmi katika kiini cha Linux toleo la 2.6 Desemba 2003, uliboresha mawasiliano na kadi, lakini suala la programu nyingi kushirikiana lilihitaji tabaka jingine juu yake.

Tabaka hilo likajengwa mara mbili, na watu wenye mahitaji tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Paul Davis na wenzake waliunda JACK kwa ajili ya wanamuziki na studio. Lengo lake lilikuwa ukawiaji mdogo, na ilitaka programu zote zifuate mwendo mmoja. Mwaka 2004 Lennart Poettering alianza kazi ambayo baadaye iliitwa PulseAudio, iliyolenga mtumiaji wa kawaida wa kompyuta ya mezani: muziki, filamu, simu, kubadilisha spika bila kuzima programu. PulseAudio ilikubali mabirika makubwa, hata ya sekunde nzima na zaidi, ili kichakato kipumzike na umeme uokolewe. Mtu aliyetaka kusikiliza muziki na pia kufanya kazi ya studio alilazimika kuendesha mifumo miwili iliyogombania kadi moja.

Video ilibaki nje ya yote mawili. Kamera ilifunguliwa moja kwa moja na programu moja, na programu yoyote iliyokuwa kwenye skrini iliweza kunakili picha ya skrini nzima bila kuomba ruhusa.

Wim Taymans, mmoja wa waundaji wa mfumo wa midia wa GStreamer, alianza mwaka 2015 akiwa na kampuni ya Red Hat kazi iliyokuja kujulikana kama PipeWire. Mwanzoni ililenga video. Baadaye ilisanifiwa upya ili ibebe sauti pia, ya mtumiaji wa kawaida na ya studio, huku programu zilizoandikwa kwa ajili ya PulseAudio na JACK zikiendelea kufanya kazi bila kubadilishwa. Fedora 34 iliifanya kuwa chaguo la msingi la sauti mwaka 2021, Ubuntu ikafuata kwa toleo la 22.10 mwaka 2022, na toleo la 1.0 la PipeWire likatolewa Novemba 2023.

5.0 Nguzo za usanifu

5.1 Mkupuo

Kompyuta haishughulikii sauti sampuli kwa sampuli. Huzikusanya na kuzipitisha kwa mkupuo. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ukubwa wa mkupuo huamua ukawiaji wa chini kabisa, kama inavyoonekana katika Jedwali 1.

Jedwali 1: Ukubwa wa mkupuo na muda wake
Sampuli 64 – milisekunde 1.3
Sampuli 256 – milisekunde 5.3
Sampuli 1,024 – milisekunde 21.3
Sampuli 2,048 – milisekunde 42.7

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusichague mkupuo wa sampuli 64 daima. Jibu limo katika tofauti yetu ya ukawiaji na uchelewaji. Kwa mkupuo wa sampuli 64, kompyuta huamshwa mara 750 kwa sekunde, na kila mara vifundo vyote vilivyomo katika njia vinapaswa kumaliza kazi ndani ya milisekunde 1.3. Kichakato kikishughulishwa na jambo jingine kwa milisekunde mbili tu, birika linakauka na sauti inakatika. Ukipunguza ukawiaji unaongeza hatari ya uchelewaji, na ukilikuza birika ili usichelewe, maji yatakayoingia leo yatachotwa kesho.

Suluhisho la PipeWire ni kuuacha ukubwa wa mkupuo ubadilike wakati mfumo unaendelea kufanya kazi. Kila programu hutaja ukawiaji inaotaka. Ikiwa kinachoendelea ni muziki tu, mkupuo huwa mkubwa. Programu ya mazungumzo ikifunguliwa na kuomba muda mfupi, mkupuo hupungua, na ikifungwa hurudi ulivyokuwa. Hii ndiyo maana hasa ya kuunganisha: mahitaji ya msikilizaji na ya mzungumzaji yanatimizwa na mfumo mmoja, kila moja kwa wakati wake.

5.2 Kumbukumbu ya pamoja

Sauti ya mkondo mmoja, yenye sampuli za baiti mbili, ni baiti 96,000 tu kwa sekunde. Video ni jambo jingine. Picha ya upana wa nukta 1,280 na kimo cha nukta 720, kila nukta ikichukua baiti nne, ni baiti 3,686,400. Kwa picha 30 kwa sekunde tunapata zaidi ya baiti milioni 110 kila sekunde. Iwapo kila kifundo kitainakili picha kabla ya kumpa jirani yake, vifundo vitatu vitanakili zaidi ya baiti milioni 330 kwa sekunde, na kompyuta ya zamani iliyoko maabara ya shule italemewa na kazi ya kunakili kabla haijaanza kazi yenyewe.

Kwa hiyo kiunzi hakipitishi picha. Kinapitisha ufunguo wa mahali picha ilipo. Vifundo vyote hupewa ruhusa ya kutazama eneo lile lile la kumbukumbu, na kinachosafiri kati yao ni taarifa fupi kwamba kazi iko tayari. Sauti nayo hufuata utaratibu huo huo.

5.3 Kifundo kiongozi na tatizo la saa

Katika kila kundi la vifundo vilivyounganishwa, kimoja huteuliwa kuwa kiongozi, kwa kawaida kadi ya sauti. Hicho ndicho hupiga mdundo, na vingine hufuata kama wachezaji wanavyomfuata mpiga ngoma.

Ugumu hutokea pale ambapo kuna wapiga ngoma wawili. Maikrofoni ya kuchomeka ina saa yake, na spika zina saa yake. Zote hudai kuhesabu sampuli 48,000 kwa sekunde, lakini hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Tuseme zinatofautiana kwa sehemu 50 katika kila milioni. Katika kipindi cha saa moja tofauti hiyo hufikia milisekunde 180. Somo lililoanza likiwa sawa huishia midomo ikisema neno moja na sauti ikisema jingine, au birika likifurika. Kiunzi hukabili jambo hili kwa kupima tofauti hiyo mfululizo na kuinyoosha au kuibana sauti kidogo sana, kiasi ambacho sikio halitambui, ili saa ya pili iifuate ya kwanza. Kwa kuwa sauti na video zimo katika kiunzi kimoja na hupigwa muhuri wa wakati kwa saa moja, zinaweza kulinganishwa. Zilipokuwa katika mifumo miwili hapakuwa na saa ya pamoja ya kurejelea.

5.4 Sera na idhini

PipeWire yenyewe haiamui maikrofoni ipi iunganishwe na programu ipi. Uamuzi huo umeachiwa programu nyingine, na inayotumika zaidi ni WirePlumber. Utenganisho huu wa sera na utendaji unaruhusu shule kuweka kanuni zake bila kuugusa moyo wa mfumo.

Pamoja na hayo, katika mazingira mapya ya Linux programu haiwezi tena kuichukua picha ya skrini kimyakimya. Huomba, mtumiaji hukubali au hukataa, na kinachopitishwa kwake ni kile tu alichokubali. Mahali ambapo wazazi wana haki ya kujua nani anaziona sura za binti zao darasani, idhini ni sehemu ya usanifu kama vile kasi ilivyo.

6.0 Hesabu ya darasa

Tuchukue mfano wa mwalimu aliye Nairobi na kidato cha pili kilichoko Garissa, umbali wa takriban kilomita 370. Sauti ya mwalimu inanaswa kwa mkupuo wa milisekunde 21. Inafinyazwa kwa utaratibu wa Opus, ambao huchukua takriban milisekunde 26. Inasafiri kwa mkongo wa nyuzi. Mwanga katika nyuzi hukata takriban kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo safari yenyewe haifiki milisekunde mbili, lakini tukadirie 15 pamoja na mitambo ya njiani. Upande wa pili kuna birika la milisekunde 40 la kusawazisha pakiti zinazofika bila utaratibu, kisha mkupuo wa kutolea sauti wa 21. Jumla ni milisekunde 123. Mazungumzo yanawezekana.

Sasa tuseme kompyuta zote mbili zina mfumo uliosanifiwa kwa ajili ya muziki, na kila moja inashikilia sauti kwa milisekunde 100. Jumla inakuwa 281. Intaneti ni ile ile, mwalimu ni yule yule, na kosa halitaonekana katika kipimo chochote cha kasi ya mtandao. Mwalimu atalaumu mtandao, nao hauna hatia.

Mfano wa pili ni wa Dadaab na Toronto. Umbali wa moja kwa moja ni takriban kilomita 12,000, hivyo nyuzi peke yake zinahitaji angalau milisekunde 60. Kwa mkupuo wa 21 kila upande jumla ni 168, nje ya kipimo cha 150. Kwa mkupuo wa sampuli 256, yaani takriban milisekunde 5 kila upande, jumla ni 136. Njia halisi za mikongo ni ndefu kuliko mstari ulionyooka, kwa hiyo nafasi hiyo ya milisekunde 32 si ya kuchezewa.

Mfano wa tatu ni wa kuonya. Kabla ya mikongo ya baharini kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nje, na setilaiti za aina hiyo huwa umbali wa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni zaidi ya kilomita 71,000, na hata kwa kasi ya mwanga angani safari hiyo huchukua takriban milisekunde 239. Hapo hakuna kiunzi kitakachotufikisha chini ya 150, hata kikisanifiwa na malaika. Setilaiti za karibu, zinazozunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 550, zilianza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, na kwazo safari ya kupanda na kushuka ni milisekunde chache tu. Mnara wa simu ulioharibiwa na mashambulizi, kama ilivyotokea mara kadhaa katika kaunti hizi, haurekebishwi na programu yoyote.

7.0 Kinachopotea sauti inapokatika

Hadi hapa tumezungumzia ukawiaji. Uchelewaji nao una madhara yake, na kwa mwalimu wa Kiswahili madhara hayo yana sura ya kifonolojia. Kisomali hakina vitamkwa /p/, /v/ na /z/ katika mfumo wake wa msingi. Mwanafunzi anayejifunza Kiswahili hukabiliwa na jozi kama pata na bata, vua na fua, zaa na saa. Tofauti ya /p/ na /b/ hutegemea, pamoja na mambo mengine, wakati ambapo nyuzi za sauti zinaanza kutetema zikilinganishwa na kuachiwa kwa midomo, tofauti inayopimwa kwa makumi machache ya milisekunde. Birika likikauka kwa mkupuo mmoja tu wa sampuli 1,024, milisekunde 21 za sauti hupotea. Zikipotea katikati ya irabu, ubongo hujaza pengo. Zikipotea mwanzoni mwa neno, kilichopotea ni kile kile ambacho mwalimu alikuwa akifundisha.

Video haisaidii sana katika jozi hizi, kwa kuwa midomo hufanya umbo moja kwa /p/ na /b/, na umbo moja kwa /f/ na /v/. Lakini McGurk na MacDonald (1976) walionyesha kwamba sura ya midomo hubadilisha kile ambacho msikilizaji anadhani amekisikia. Picha isiyoafikiana na sauti kwa hiyo ni zaidi ya kero. Inaweza kumfundisha mwanafunzi kitamkwa kisichokuwepo.

8.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba usanifu wa kiunzi kimoja cha sauti na video unajengwa juu ya maafikiano kati ya ukawiaji na uchelewaji, na kwamba maafikiano hayo hayana jibu moja kwa kazi zote. Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo matatu kwa wanafunzi na wahadhiri.

Kwanza, anayenasa fasihi simulizi nyanjani, iwe ni gabay ya Kisomali au ngano za Wamunyoyaya, atumie birika kubwa. Hapo hakuna anayengoja jibu kupitia kompyuta, hivyo ukawiaji haudhuru, lakini uchelewaji mmoja unaweza kufuta neno ambalo msimulizi mzee hatalirudia. Pili, anayefundisha mazungumzo afanye kinyume: apunguze mkupuo hatua kwa hatua mpaka sauti ianze kukatika, kisha arudi hatua moja. Tatu, kabla ya kulalamikia mtandao, apime kompyuta. Njia rahisi ni kupiga kofi mbele ya maikrofoni huku kinasa sauti cha pembeni kikirekodi kofi lenyewe na mwangwi wake kutoka kwenye spika za kompyuta hiyo hiyo, kisha kuhesabu muda kati ya viwili hivyo.

Kuhusu istilahi, hatudai kwamba birika, mkupuo na kifundo ni maneno ya mwisho. Yatakubalika au kukataliwa na watumiaji, nasi tunawaalika wasomaji wayajaribu katika maandishi yao na kuyakosoa. Jambo tusiloweza kukubali ni kuendelea kulieleza tatizo hili kwa neno moja, mtandao, ilhali lugha yetu ina uwezo wa kutenganisha kinachokawia na kinachochelewa. Fundi atakayelikarabati darasa la Garissa atahitaji kwanza kuambiwa ni kipi kati ya viwili hivyo.